Wankyo na wafinyanzi walioandikiwa sifuri

Saa nne asubuhi, Buhemba, mwishoni mwa Januari. Jua limeshachachamaa na vumbi la barabara ya machimboni limetua juu ya kila kitu. Mwanamke mnene kiasi, amevaa kitenge cha bluu na raba zilizochakaa, anaingia kwenye kibanda cha mama lishe. Haagizi chai wala haulizi kuna mboga gani. Anasalimia taratibu, anauliza habari za nyumbani na za watoto, halafu anainama na kuchungulia chini ya meza ya sufuria.

"Unao," anasema, na uso wote unachangamka.

Alichokiona ni mtungi wa udongo, mweusi chini na mwekundu mabegani, umekaa juu ya kata ya majani makavu, na kikombe cha plastiki kimefunika mdomo wake. Anaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kisha anapitisha kidole shingoni, penye vitobo vidogo vilivyopangana, alama ya gunzi la mahindi lililoviringishwa udongo ukiwa bado mbichi. Mama lishe mwenyewe, Lilian, ameacha mwiko hewani. Anamtazama mgeni wake kama anayejiuliza amwite nani aje kumwondoa.

"Maji yake yakoje?"

"Baridi. Wachimbaji wakitoka shimoni hawatakagi ya chupa, wanatakaga ya humo," Lilian anajibu. "Kwani wewe ni wa afya?"

Si wa afya. Wankyo Kasmiri, 43, mkazi wa Kamunyonge mjini Musoma, anakusanya taarifa za utafiti kwa shirika dogo lenye vyumba viwili vya kupanga kule Iringo, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Shirika linataka kujua watu wa Mara wanaoishi kwa mikono na vipaji vyao wanaishije: wafinyanzi, wasusi wa mikeka, watengenezaji wa litungu, ile ala ya nyuzi ya watu wa Mara, waimbaji wa harusi, wachora mabango ya saluni. Likishajua, huwatafutia vifaa, soko au mahali pazuri pa kufanyia kazi.

Kwenye mikutano ya shirika, kazi hizi huitwa uchumi wa ubunifu. Wankyo, akiulizwa na majirani, husema anafuatilia watu wanaotengeneza vitu vizuri, na majirani humwonea wivu kwa kazi rahisi kiasi hicho.

Asubuhi hii kazi si rahisi hata kidogo. Amepewa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo lazima aonyeshe kwamba kikundi cha wanawake wafinyanzi wa kilimani, nje kidogo ya Bunda, kinafinyanga na kuuza. Akishindwa, wanawake hao hawatapata banda la kukaushia vyungu kabla ya masika. Na masika ikiwakuta bila banda, kiongozi wao, Mama Nyangi, atafunga mizigo na kuhamia kwa mwanawe Mwanza.

Kinachomuuma Wankyo zaidi, na anakisema bila kuficha, ni kwamba aliyewafikisha hapo ni yeye.

*

Wankyo amezaliwa Butiama. Baba yake, marehemu Mzee Kasmiri, alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili na mfugaji wa kila siku. Pale nyumbani hakuna aliyethubutu kuhesabu ng'ombe kwa sauti. Jioni wakiingia zizini, mzee aliwaangalia mmoja mmoja, huyu mwenye doa, yule wa pembe iliyopinda. Akikosekana mmoja alijua papo hapo, lakini namba haikutamkwa. Mgeni akiuliza ana ng'ombe wangapi, aliambiwa wapo wawili watatu, hata kama zizi limejaa mpaka wanakanyagana.

"Kuhesabu mali yako kwa sauti ni kama unamwita mtu aje kuchukua," anasema Wankyo. "Sisi tumekua hivyo. Hata watoto. Mtu wa kwetu ukimuuliza ana watoto wangapi, anakwambia wapo, tunamshukuru Mungu."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza ana watoto wangapi. Akajibu wapo, anamshukuru Mungu, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

Mtu aliyelelewa hivyo ndiye aliyekuja kula mkate wake kwa kuhesabu. Alipomaliza kidato cha nne hakuendelea. Aliuza dagaa Mwigobero, mjini Musoma, kwa miaka mingi, kisha akapata nafasi ya ukarani wa sensa, na watu wakamwona anafaa kwa sababu hana haraka. Anaweza kukaa na bibi kizee mpaka chai ipoe, ipashwe, ipoe tena, ndipo aulize swali la kwanza. Shirika la Iringo lilimchukua miaka mitano iliyopita. Kila siku ya kwenda vijijini hulipwa shilingi elfu thelathini, na zisipokuwepo safari, hakuna malipo. Mumewe, fundi wa pikipiki, humtania kwamba ameoa mke anayelipwa kwa kuongea.

Katikati ya mwaka jana alipanda kilimani kwa akina Mama Nyangi. Simu ya kazi ilikuwa na maswali yake tayari. Jina, umri, umejifunza kwa nani, udongo unachimba wapi. Yote yalikwenda vizuri, Mama Nyangi akisimulia huku mikono yake ikiendelea kusokota udongo na kuupandisha, msokoto juu ya msokoto, mpaka tumbo la chungu likatokea mbele ya mgeni bila mwenyewe kulitazama.

Kisha likaja swali: mwezi uliopita umetengeneza vyungu vingapi?

Wankyo alilitazama lile swali kwenye kioo cha simu. Akaitazama mitungi mibichi iliyopangwa kivulini nyuma ya nyumba, ikisubiri moto. Alishamsikia Mama Nyangi akimkaripia mjukuu wake kwa kunyooshea kidole mtungi mmoja mmoja. Hapa kilimani adabu ya zizi imeingia mpaka kwenye udongo. Chungu ambacho hakijapita motoni hakihesabiwi, na kilichopita hakihesabiwi maadamu kiko nyumbani.

"Nikaona aibu," anasema. "Ningemuulizaje mama wa watu mbele ya vyungu vyake? Nikaliruka."

Lakini simu haikukubali kurukwa. Ukurasa ulikataa kwenda mbele bila namba. Wankyo, ambaye angeweza kupiga ofisini akaeleza, au kuandika pembeni kwamba swali halijaulizwa, akabonyeza sifuri ili ukurasa uende. Akafanya hivyo kwa Mama Nyangi, akafanya kwa mfinyanzi mwenzake aitwaye Kwangu, akafanya kwa wanawake wote wa kikundi. Alidhani sifuri itasomwa kama kimya. Kwake yeye ilikuwa ni heshima tu.

Mwanzoni mwa Januari, Ephraim akamwita Iringo. Ephraim ndiye msimamizi wa mradi, kijana wa Bunda mjini aliyerudi nyumbani baada ya chuo, mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani akitaka kusema jambo zito. Siku hiyo aliivua kabla hata Wankyo hajakaa. Wafadhili walikuwa wamepitia taarifa na kuchagua vikundi vya kujengewa mabanda. Kikundi cha kilimani hakikuwemo. Kimeandikwa kwamba hakizalishi.

"Dada Wankyo, hawa akina mama wameacha kufinyanga?" aliuliza.

Wankyo anasema alitamani sakafu ipasuke. Alieleza yote, kuanzia zizi la baba yake. Ephraim hakupandisha sauti. Akakiri kwamba hata bibi yake mzaa mama alikuwa hivyo hivyo, na kwamba alipokuwa anaandaa yale maswali na wenzake hakumkumbuka hata kidogo. Akasema atawaomba wafadhili mwezi mmoja wa kurekebisha. Lakini taarifa mpya iwe ya kuonekana kwa macho, si ya kubadilisha sifuri kuwa namba nyingine ofisini. Ombi likakubaliwa, na mwezi ukaanza kukatika siku ile ile.

*

Kumweleza Mama Nyangi ndiko kulikomtoa Wankyo jasho.

Mama Nyangi anakaribia miaka sabini. Ni mwembamba, mrefu, na vidole vyake vimepinda kidogo kwa kukandamiza udongo tangu akiwa msichana. Mwanawe mkubwa, Isaya, fundi seremala jijini Mwanza, amekuwa akimwita kila mwaka, na kila mwaka anamjibu kwamba atakuja baada ya mavuno. Lakini masika ya mwaka jana ilimvunja moyo. Mvua ya mchana mmoja ilikuta vyungu vya wanawake wote vikikauka nje, wakavifunika kwa maturubai na mabati mabovu, na jioni wakakuta vimerudi kuwa tope. Vilivyobaki vilikuwa na unyevu tumboni, na vilipotiwa motoni vikapasuka kimoja kimoja, wakivisikiliza. Baada ya siku hiyo alimwambia Isaya kwamba masika nyingine haitamkuta pale bila kivuli cha maana.

Kwa wenzake hilo lilikuwa jambo la msiba. Kwangu, jirani yake na rafiki yake wa tangu utoto, anafinyanga vizuri kuliko wote kilimani, lakini moto haumsikii. Anayejua samadi kavu iwekwe wapi, nyasi zifunike lini, na upepo wa jioni usubiriwe au usisubiriwe, ni Mama Nyangi. Akiondoka yeye, kila mmoja alijua kwamba kazi imeisha.

Wankyo alipomaliza kueleza habari ya sifuri, alibaki ameinamisha kichwa. Mama Nyangi aliendelea kulainisha mdomo wa mtungi kwa kipande cha kibuyu. Baadaye akauliza kama amesikia vizuri, kwamba yeye ameandikwa hajafinyanga hata kimoja. Wankyo akasema ndiyo.

"Sasa kama ni sifuri," akasema Mama Nyangi, "huu mgongo unaniumaga kwa ajili ya nini?"

Kwangu akaangua kicheko, wenzake wakafuata, na Wankyo akajikuta analia na kucheka kwa pamoja. Walimpa maji, wakamkalisha kivulini. Hakuna aliyemlaumu. Wote walisema wangekuwa wao wangeona aibu vile vile.

Hapo ndipo Mama Nyangi alipompa njia. Alisema yeye hawezi kuvihesabu, na hatamruhusu mtu avihesabu vikiwa pale, banda lije lisije. Lakini vikishateremka kilima si vyake tena.

"Vifuate huko vilikoenda, mwanangu. Huko vihesabu mpaka uchoke."

*

Ndivyo Wankyo alivyoanza kuchungulia chini ya meza za watu.

Alianza sokoni Bunda, kwa wauzaji wanaonunua mitungi kilimani kwa shilingi elfu tano na kuiuza kwa nane au kumi. Wao hawakuwa na aibu yoyote na namba, kwa sababu mtungi kwao ni bidhaa kama sabuni. Walimwambia inakoelekea, naye akaifuata. Alama za shingoni ndizo zilizomwongoza. Gunzi la mahindi ni la Mama Nyangi. Kwangu anabonyeza ukucha. Wengine wana kamba iliyosokotwa, au kijiti, au hawaweki kitu, na kutoweka kitu kwenyewe ni alama.

Kila alipoukuta mmoja aliupiga picha kwa ruhusa ya mwenye nyumba, akaandika mahali ulipo na unafanya nini. Mjini Musoma aliikuta kwenye saluni, imewekwa maua ya plastiki. Huko Buhemba kila kibanda cha chakula kilikuwa na mmoja, na vingine miwili. Aliukuta mmoja Kamunyonge, mtaa wake mwenyewe, nyumba ya tatu kutoka kwake, ambako amekunywa maji mara nyingi bila kuinama kutazama yanatoka wapi. Kuna aliowakuta wakiitumia kuhifadhia mbegu za mtama, na mmoja uliovunjika shingo ukawa chombo cha kunyweshea kuku.

Ephraim alimfuata siku mbili. Siku ya kwanza alikuja na viatu vya ofisini na jioni hakuweza kutembea. Siku ya pili alikuja na ndala, akabeba maji ya Wankyo na ya kwake bila kuombwa. Wankyo anasema tangu hapo amemchukulia kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Kikwazo kilikuwa Butiama, kwa watu wake hasa. Huko mitungi ni mingi, lakini imeshakuwa mali ya wenyeji, na wenyeji ni wale wale waliomlea. Mzee mmoja, Magige, mfugaji aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, alimkaribisha kwa moyo mkunjufu, akampa kiti na maziwa. Mitungi yake aliiweka chumba cha ndani. Ilinunuliwa na marehemu mkewe, mmoja baada ya mwingine, kila alipouza pamba. Wankyo alipoeleza alichokuja kufanya, mzee alitikisa kichwa. Akasema anamheshimu marehemu Kasmiri, lakini vyombo vya mke wake havitahesabiwa.

Wankyo hakusukuma. Alishasukumwa na simu mara moja, na hakutaka kumsukuma mtu mwingine. Alikunywa maziwa yake. Waliongea habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akipanda basi la Bunda siku ya mnada na kurudi na mtungi umefungwa mgongoni kama mtoto, na watu wakimsogelea kuuliza mtoto ana miezi mingapi. Mzee Magige alicheka peke yake kwa muda mrefu. Kisha akatazama mlango wa chumba cha ndani.

Baadaye alisimama, akachukua fimbo yake. Akasema anakwenda kutazama ng'ombe, na kwamba huwa anachelewa huko. Kama kuna mtu ataingia chumba cha ndani, yeye hatakuwepo na hatajua.

"Akanipa mgongo," anasema Wankyo. "Nikaingia. Ilikuwa imefutwa vumbi yote, unaelewa? Mke amekufa miaka miwili, na mtu anaifutaga vumbi kila siku. Nilihesabu kwa macho, sikupiga hata picha. Nikatoka nikakaa kwenye kiti changu. Aliporudi tukaongea mambo ya mvua."

*

Mwezi ulipokwisha, Wankyo na Ephraim walikuwa wamehesabu zaidi ya mitungi na vyungu mia nne, vyote vya kikundi kimoja, katika nyumba, vibanda na saluni za Musoma, Bunda, Butiama na Buhemba. Na hivyo ni vile tu walivyofanikiwa kuvifikia kwa miguu. Ephraim aliandika maelezo ya kurasa chache, akaeleza kwa nini sifuri ile haikuwa sifuri, na akasema wazi kwamba kosa la kwanza lilikuwa la waliotunga swali. Wankyo alimwomba aandike na la kwake. Akaliandika.

Jibu lilikuja katikati ya Februari. Kikundi kimerudishwa, lakini fedha nyingi zilikuwa zimeshagawiwa kwingine. Zilizobaki zilitosha mabati, misumari na nguzo. Ukuta na sakafu watafute wenyewe.

Ephraim aliona aibu kupeleka habari ya nusu. Kilimani waliipokea kama habari nzima. Waume na vijana walichimba mashimo ya nguzo, na wanawake walikandika ukuta. Kwa kuwa ni wafinyanzi, ukuta ule ni mlaini kuliko wa nyumba nyingi za Bunda, na Kwangu hakuweza kujizuia, aliubonyeza kwa ukucha wake kuuzunguka mlango mzima. Bati la mwisho lilipigiliwa mawingu yakiwa yameshakusanyika upande wa ziwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha siku ambayo Isaya alifika kutoka Mwanza. Hakuwa na habari za banda, kwa kuwa mama yake hana mazoea ya kupokea simu. Alikuwa ameandaa chumba, amekipaka rangi, ametengeneza kitanda kwa mbao nzuri na kukipiga msasa kwa mikono yake. Alimkuta mama yake na wenzake wamekaa chini ya bati, mvua inapiga mpaka hawasikilizani, na katikati yao mitungi mibichi imekauka safi, haina hata tone.

Alikaa mlangoni akawatazama. Mvua ilipopungua alimwambia mama yake kwamba chumba kiko tayari, amekuja kumchukua kama walivyokubaliana. Mama Nyangi alimshukuru kwa kitanda. Alimshukuru kwa rangi, akauliza ni rangi gani. Kisha akamwambia asubiri.

"Nina kazi, baba," alisema. "Nikimaliza kazi nitakuja kukusalimia, nilale kwenye kitanda chako, nirudi."

Isaya alilala siku mbili. Hakulalamika, ingawa Kwangu anasema alimwona amesimama peke yake nyuma ya nyumba akifuta uso. Kabla ya kuondoka alipima banda kwa kamba, na mwezi uliofuata akatuma mbao za rafu. Zimeshapigiliwa. Kitanda cha Mwanza kinaendelea kumsubiri mwenyewe.

*

Leo Wankyo hupanda kilimani hata siku zisizo na malipo. Mumewe ameacha kumtania. Ephraim ameliondoa lile swali kwenye simu zote za shirika. Badala yake, mtafiti anauliza: kazi yako nikiitafuta, nitaikuta wapi? Na watu wa Mara, wanaofunga mdomo wakiulizwa walicho nacho, wakiulizwa hivyo hawana mwisho. Kuna mtengeneza litungu aliyewatajia harusi zote ambazo chombo chake kimepigwa, na bado anakumbuka nyingine akiwa njiani.

Kilimani, Wankyo amekuwa pia mwanafunzi. Mama Nyangi alimwambia haiwezekani mtu afuate mitungi ya wenzake nchi nzima na hajawahi kupaka mikono udongo. Mtungi wake wa kwanza uliporomoka kabla haujafika mabegani. Wa pili ulipasuka motoni, na akina mama walimpa pole kama aliyefiwa. Wa tatu ulipona. Shingo imeinama upande mmoja, tumbo ni kubwa kuliko inavyotakiwa, na kwa kuwa hakujua aweke alama gani alibonyeza dole gumba mara moja, akaacha. Kwake ulikuwa ni mtungi mzuri kuliko yote duniani. Alipanga kuupeleka Kamunyonge auweke sebuleni.

Aliporudi wiki iliyofuata hakuukuta. Mama Nyangi alikuwa ameuweka kwenye mzigo wa sokoni pamoja na mingine, ukateremka kilima, ukanunuliwa Bunda. Aliyeuza hamkumbuki mnunuzi, ila ni mwanamke aliyekuwa na haraka.

Wankyo anakiri kwamba alinuna. Alimuuliza Mama Nyangi kwa nini hakumsubiri hata auage. Mama Nyangi alimjibu kwamba mtungi unafinyangwa uende, na akamkabidhi donge jingine la udongo.

Sasa kiangazi kimeingia, na Wankyo anajiandaa kwa mzunguko mwingine kuanzia Bunda, ashuke Butiama na Buhemba, amalizie Musoma. Ana ndoto ya kuona kila kikundi cha mafundi wa Mara kimefuatwa hivyo, kwa miguu, mpaka kwenye nyumba za watu, ili asitokee mwingine wa kuandikiwa sifuri. Hilo ndilo analowaambia wakubwa wa kazi yake. Lakini lipo jingine, ambalo alilisema akiwa amekaa bandani, anakanda udongo, hamtazami mtu usoni.

"Wangu uko kwa mtu," alisema. "Siku moja nitaingia nyumba nisiyoijua, niombe maji, nione lile dole gumba. Sitasema kitu. Nitakunywa, nitashukuru, nitaongeza moja, halafu nitakwenda nyumba inayofuata."